Njia ya Ng'ombe Kwenda Majini

Mimi Imakulata nina kiherehere, na sikatai. Siku wapimaji walipofika na ile mashine yao ya miguu mitatu, niliacha sufuria ya maharage jikoni nikawafuata. Nyumba yangu iko kando ya ziwa, upande huu wa Hanang, jirani kabisa na kiwanda cha ngozi kilichofungwa kabla mwanangu Herman hajazaliwa. Miaka yote hiyo tumeishi na magofu, mabati yenye kutu, na mabwawa ya kulowekea ngozi ambayo sasa ni ya vyura. Halafu tunaambiwa hapa patakuwa na mitaa, soko, stendi na zahanati. Jamani, nani angebaki jikoni?

Kiongozi wao alikuwa binti anayeitwa Belinda, mpima ardhi wa halmashauri, mtu wa Lindi huko. Aliniamkia shikamoo vizuri, nikampenda hapo hapo, nikaanza kumsumbua. Nilitaka kujua mtaa unaanzia wapi wakati pote bado ni majani. Nilitaka kujua mashine inaona nini ambacho macho hayaoni. Akaniruhusu nichungulie, nikaona mbuzi wa ng'ambo ya ziwa anatafuna, mpaka ndevu zake nikaziona. Nilicheka mpaka wasaidizi wake wakacheka. Kufika mchana nilishajua kwamba bikoni ni jiwe la kuonyesha mpaka wa kiwanja, na kwamba barabara ya mtaa haipungui mita nane.

Baadaye walipita nyumba kwa nyumba na fomu, wakiandika nyumba, shamba na miti ya kila mtu. Kwangu Belinda aliuliza pia ile njia ya ng'ombe inayopita nyuma ya kiwanda kwenda majini ni ya nani. Nikamwambia haina mwenyewe. Kwetu sisi Wairaqw njia ya majini haiwi ya mtu. Hata yule mliyegombana mpaka hamsalimiani, ng'ombe wake watapita. Ukisema ni yako, watu watakushangaa umelelewa wapi. Nilijibu kwa majivuno kabisa. Mzee Tluway, jirani yangu mwenye ng'ombe wengi, alijibu hivyo hivyo, na nyumba zote kumi na moja zikajibu hivyo.

Ramani ilipotoka, ilibandikwa ofisi ya kata kwa siku thelathini, mwenye maoni aseme. Kila mtu alikwenda kutafuta kiwanja chake. Mimi nilipata viwili: cha nyumba, na kingine cha kona palipo na maharage yangu, kinachoanzia barabara mpya hadi ufukweni. Hicho cha kona nilishamwahidi Herman. Anatengeneza pikipiki Dongobesh kwenye kibanda cha kupanga, na alisema kiwanja kikipatikana tu anarudi nyumbani kufungua gereji. Miaka sita nakula peke yangu. Niliweka kidole kwenye ile kona, nikafurahi kama mtoto.

Kisha kiherehere kikanipanda, nikatembeza kidole kuitafuta njia ya ng'ombe. Sikuiona. Mahali pake paliandikwa zahanati, na nyuma yake viwanja vimefuatana mpaka majini.

Nilimwendea Belinda na hasira zangu zote. Hakubishana. Alitoa fomu zetu moja moja akanionyesha palipoandikwa mmiliki: hakuna, hakuna, hakuna, mara kumi na moja. Akanieleza kwamba kwenye mpango, ardhi ambayo hakuna anayeidai huhesabiwa kuwa iko wazi. Tulikuwa tumeifuta njia kwa midomo yetu wenyewe, tena kwa kusema kweli. Na zahanati nani aikatae, sisi tunaobeba wajawazito kwa pikipiki mpaka Endasak?

Nilimwuliza kama njia haiwezi kuhamishiwa pengine. Akasema inaweza, akipatikana mtu wa kuachia mita nane kutoka barabarani hadi ufukweni. Nikauliza mtu gani. Aliweka kalamu kwenye kona yangu.

"Kwingine kote kunakofika majini kuna nyumba za watu," alisema. "Hapa bado ni maharage. Lakini mama, kitakachobaki hakitoshi gereji. Usiamue leo."

Siku mbili nilikuwa na hasira na kila kitu, hata kuku. Nilijiambia hao wenye ng'ombe wengi watoe wao, mimi ninao watatu tu. Halafu asubuhi nawaona ng'ombe wa watu wanashuka kunywa, nachungulia dirishani nikijua ni mimi peke yangu ninayejua kwamba njia yao imefutwa. Siku ya tatu nikaenda kutia saini. Kisha nikampigia Herman.

Nilimweleza yote, mita nane na gereji.

"Kwa hiyo mama, mimi nibaki huku?"

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, baki kwanza. Akasema sawa. Ile sawa yake iliniuma kuliko kama angenifokea, nikakaa jikoni nikalia sana.

Katapila lilikuja mwezi wa sita, likaanza kubomoa magofu na kufungua mitaa. Njia yetu ilikatwa siku moja tu, imenyooka, nyeupe, na kijiji kizima kilijua imetoka kwenye kiwanja changu. Maharage niliyopanda kwenye kipande kilichobaki yalikuwa yameanza kutoa maua Mzee Tluway aliposhusha ng'ombe wake pale kwa mara ya kwanza. Nilisimama uani kumngoja. Nisiseme uongo, nilikuwa nangoja asante.

Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza habari za nyumbani. Ng'ombe wakapita mmoja mmoja, hata hawakuangalia kando. Mzee akasimama, akayatazama maharage yangu, akatikisa kichwa.

"Imakulata," alisema, "umepanda karibu mno na njia. Ng'ombe watakuja kuyala haya."

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake. Nikamtazama, kumbe hana dhihaka hata kidogo, ananionya kwa wema, kama ambavyo angemwonya mtu yeyote aliyesogelea njia ya majini.

"Nitayahamisha, mzee," nikamjibu.