Mpaka Nikuite Mwenyewe

Wakaguzi wa duka la programu walikuwa wameshamrudishia Fundi kazi yake mara moja, na sababu yenyewe ilimfanya ajione mjinga: hawakuweza kuingia. Programu ilitaka nambari ya simu na nenosiri, naye hakuwaachia akaunti yoyote ya kujaribia. Ilikuwa kama kumwalika mtu akukagulie nyumba, halafu ukaondoka na funguo.

Jina la Fundi alipewa na kaka yake, mwaka aliohitimu chuo. Kaka alimpigia dada yake simu kumpongeza, akamwuliza hasa alisomea nini, akaelezwa kwa kirefu habari za mifumo na hifadhi za data, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe fundi simu." Hata shangazi yao akalichukua jina hilo, na sasa lilikuwa jina la nyumba nzima.

Programu aliitengeneza kwa ajili ya Mama. Kiharusi kilimwachia Mama akili zake zote, masikio yake yote na mkono wa kushoto; maneno kiliondoka nayo. Mwanamke aliyefundisha hesabu miaka nenda miaka rudi, ambaye akikohoa tu darasa la jirani nalo lilinyamaza, alibakiwa na mlio mmoja, "mm," wa kukubali, kukataa na kuomba. Sasa alikuwa na simu mapajani. Aligusa kwanza sura ya mtu anayemtaka, kisha picha: glasi kwa maji, kikombe kwa chai, kidonge, kitanda, au mkono unaopunga, yaani njoo. Papo hapo simu ya mtu yule ilitamka kwa sauti, "Maji. Kutoka kwa Mama." Sura zilikuwa nne: Fundi, shangazi, jirani wa mlango wa pili, na Kaka.

Sura ya Kaka aliiweka Fundi mwenyewe, bila kumwuliza mtu. Mama aliiona siku ile ile. Kidole chake kilisimama juu yake kidogo, kikapita, kikaenda kwa jirani kumwomba maji ambayo hakuyahitaji.

Baba alipougua, Mama alitaka abaki nyumbani, afe, kama ni kufa, akiwa kitandani kwake. Kaka, mtoto mkubwa, ndiye aliyetia saini Baba apasuliwe. Baba hakutoka chumba cha upasuaji. Baada ya maziko Mama alisimama mlangoni, mbele ya ndugu wote, akamwambia mwanawe, "Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe." Kaka hakubisha. Alirudi kwenye mji wake wa mbali, kwenye karakana anakochomelea vyuma, akangoja. Mama naye ana kichwa kigumu. Pengine alijiambia kwamba muda upo. Kisha kiharusi kikaja kikachukua sauti ambayo ingemwita. Kaka alituma kila kilichohitajika, alipiga simu kwa Fundi karibu kila jioni, lakini hakuja. Alisema alipewa sharti na analishika.

Kwa hiyo Fundi alipokuwa akichora ule mkono unaopunga, hakuwa akifikiria maji wala dawa. Na hospitali walipomwambia kwamba idara ya mazoezi ingependa wagonjwa wengine wapewe programu hiyo, ila mpaka ipatikane dukani kama programu nyingine, alifurahi, akaona mambo yameanza kumnyookea.

Baada ya kurudishiwa kazi alitengeneza haraka akaunti mpya ya wakaguzi. Alipoifungua aliikuta tupu, haina sura hata moja, kama chumba kilichohamwa. Aliogopa wataona kitu ambacho hakijakamilika. Akaifuta, akawaandikia nambari na nenosiri la akaunti ya Mama, ambayo ilikuwa na kila kitu. Ilionekana ni jambo dogo. Akabonyeza tuma, akaanza kungoja tena.

Kungoja kwenyewe kulikuwa neno moja juu ya skrini: Inasubiri. Alilitazama akiwa jikoni, akiwa kwenye foleni ya benki, hata akisaidiana na jirani kukishusha ngazini kiti cha magurudumu cha Mama. Asubuhi moja, wakiwa hospitali, neno likabadilika: Inakaguliwa. Alimwonyesha Mama, aliyekuwa ameshika vyuma vya mazoezi huku daktari akimhesabia hatua. Mama akatikisa kichwa kwa namna ya mwalimu anayemwambia mwanafunzi aliyemaliza mtihani kwamba sasa amwachie msahihishaji.

Kesho yake mchana mlango ulifunguliwa bila hodi. Kaka alikuwa amesimama kizingitini na begi dogo, vumbi mpaka kwenye kope, na viatu ameshavivua.

"Mama kaniita," alisema.

Alitoa simu yake akambonyezea Fundi asikie. "Njoo. Kutoka kwa Mama." Aliusikia ujumbe huo karakanani, alisema, akiwa na barakoa ya kuchomelea usoni, na akashukuru ilikuwepo, maana wenzake wangeyaona machozi wakampa jina. Akaomba ruhusa, akapewa wiki ambayo ilikuwa ndiyo likizo yake yote, akapanda basi.

Mama, kwenye kiti chake cha magurudumu, alimtazama mwanawe kwa mshangao, kama aliyeona mtu akishuka kutoka darini. Kisha upande mmoja wa uso wake ukacheka, na mkono wa kushoto ukalikamata shati la Kaka kwenye kiwiko. Hakuliachia mpaka alipolala.

Ni furaha iliyomfanya Fundi aende kwenye kompyuta kesho yake. Alitaka tu kuona ni saa ngapi Mama alibonyeza, alikuwa amekaa wapi, ni nini kilichomgusa. Kumbukumbu za akaunti zilimwonyesha saa. Ilikuwa asubuhi ile ya hospitali, Mama akiwa ameshika vyuma, na simu ya Mama ikiwa ndani ya mkoba wa Fundi. Ujumbe ulitumwa na kifaa kingine, kutoka nchi ambayo hakuna yeyote kati yao aliyewahi kufika. Mkaguzi, mtu asiyemjua Mama wala Kaka, alichagua sura moja, akachagua picha moja, akaona inafanya kazi.

Sebuleni Kaka alikuwa akimsimulia Mama habari za bosi wake, anayehesabu misumari lakini hawezi kuipiga. Mama alikuwa akicheka, "mm, mm."

Fundi alifanya kile alichoona ni cha busara. Aliogopa mkaguzi atabonyeza tena, ujumbe uingie Kaka akiwa amekaa na Mama ana kwa ana, na siri ivuje. Akaifuta nambari ya Kaka kwenye akaunti. Sura akaiacha, ili Mama asiuone upungufu. Akajiambia atamweleza Kaka baadaye, yeye na Mama wakishazoeana tena, wakati ukweli hautakuwa na uzito wa kuvunja kitu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri kiasi kwamba kusema kulizidi kuwa kugumu. Kaka alichomelea mteremko wa chuma mlangoni, kiti cha Mama kikashuka bila kubebwa. Alimlisha Mama, na Mama, aliyekuwa akimkatalia Fundi kijiko, alipokea. Alimtania dada yake kuhusu kungoja kwake.

"Huyo mkaguzi wako analala?"

"Ana kazi nyingi."

"Au naye kazi yake inakaguliwa, anangoja. Na huyo anayemkagua naye anangoja. Dunia nzima imekaa hivi, imeshika simu."

Jibu lilipoingia, mwishoni mwa wiki hiyo, Kaka ndiye aliyelisikia kwanza, kwa sababu kompyuta ililia na yeye alikuwa akipita na nyundo. Akaja akasimama nyuma ya dada yake, mkono begani, tayari kumpongeza. Programu ilikuwa imekataliwa tena. Sababu: ujumbe unaondoka bila mtumiaji kuulizwa kwanza kama ana hakika. Chini yake wakaguzi waliweka picha ya skrini kuonyesha tatizo. Ilikuwa skrini ya Mama, na sura ya Kaka ikiwa imechaguliwa, na chini yake: Njoo. Imetumwa. Na saa.

Fundi hakuwahi kuifunga. Kaka alitoa simu yake, akalinganisha saa na saa.

"Huyu ni mimi," alisema polepole. "Na aliyebonyeza ni nani?"

Alimweleza. Kaka alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza zamani habari za hifadhi za data.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Ukaniacha nichomelee mteremko."

Alikwenda sebuleni akachuchumaa mbele ya kiti cha Mama, akamwekea simu vizuri mapajani. Fundi alibaki mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mama," Kaka alisema, "mimi nilikuja nikidhani umeniita. Kumbe hukuniita, ni mitambo. Uliniambia nisikanyage hapa mpaka uniite mwenyewe, na mimi nimekanyaga. Sura yangu hii hapa. Kama unanitaka, bonyeza. Usipobonyeza sitakasirika."

Mama alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena, paji la uso limekunjamana kama aliyepewa swali ambalo jibu lake limeshaandikwa ubaoni. Kidole kilinyanyuka. Kilipita juu ya sura ya Kaka bila kusimama, kikagusa ya Fundi, kikashuka kwenye kikombe.

"Chai," simu ya Fundi ilisema kutoka mezani. "Kutoka kwa Mama."

Kaka aliinamisha kichwa, akacheka kicheko kisicho na sauti. Alisimama, akambusu Mama kwenye paji la uso, akaenda kufunga begi. Mlangoni alimwambia Fundi asimgombeze Mama, kila mtu ana haki ya jibu lake.

Fundi alitengeneza chai kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Alipomletea Mama kikombe, Mama hakukinywa. Alikisukuma kwa kiganja, kidogo kidogo, kikimwagika, mpaka ukingo wa meza upande wa kiti alichokuwa akikalia Kaka. Kisha akatazama mlango, akatazama Fundi, akasema, "mm?"

Chai ilikuwa ya Kaka. Mama alikuwa amemkaribisha mgeni wake. Angemwitaje mtu aliyechuchumaa mbele yake?

Fundi alikimbia hadi kituo cha mabasi na kandambili, akamkosa. Alipiga simu, haikupokewa. Alirudi akajifungia na kompyuta, kwa hasira ambazo hakujua azielekeze wapi, akaanza kuandika lile swali ambalo wakaguzi walilitaka: Una hakika? Mchana wote, kila alipochungulia sebuleni, Mama alikuwa ameinamia simu yake. Kwa kuwa simu ya Fundi ilikuwa kimya, alidhani anatazama picha.

Asubuhi, akilijaribu swali lake jipya, alifungua kumbukumbu. Kaka, Njoo. Kaka, Njoo. Kaka, Njoo. Ukurasa mzima, tangu muda mfupi baada ya mlango kufungwa hadi Mama alipopelekwa kulala, na pembeni ya kila mstari: Haikutumwa, hakuna nambari. Kwenye skrini ya Mama, alama ya tiki ilitokea kila mara. Ndivyo Fundi alivyoipanga tangu mwanzo, tiki itokee mara tu kidole kinapogusa, ili mgonjwa asihangaike mtandao ukiwa mzito. Wakati ule aliona kufanya hivyo ni huruma. Mama mwenyewe alikuwa amemwita mwanawe, tena na tena, akaamini wito umefika, naye hakuja.

Aliirudisha nambari ya Kaka, akampigia mpaka akapokea. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinalia. Fundi alisema yote kwa pumzi moja, hadi habari ya chai.

"Usinifanyie hivyo mara mbili, Fundi."

"Kaka, haki ya Mungu."

"Niwekee Mama."

Alimwekea Mama simu yake sikioni. Hakusikia Kaka alisema nini. Yalikuwa maneno machache. Alimwona Mama akifumba macho, kisha mkono wa kushoto ukapapasa mapajani, ukaipata simu yake, ukagusa mara mbili, na mle ndani ya simu ya Fundi, mbali, katikati ya kelele za karakana, sauti ikasema, "Njoo. Kutoka kwa Mama."

Fundi alipoichukua tena simu, Kaka alikuwa anapenga kamasi. Alisema hawezi kuja. Likizo yake yote aliimaliza jana, na bosi alishamwambia mlango ulipo akiomba nyingine. Labda mwisho wa mwaka, akipewa. Alisema hilo ndilo linalomuuma: alikuwa pale wiki nzima na hakujua kwamba ameshafika.

"Mwambie wito wake nimeupata," alisema. "Na mwambie akitaka aendelee tu kubonyeza. Isikusumbue. Mimi simu sitaizima."

Toleo lenye swali lilipitishwa. Idara ya mazoezi walimpigia Fundi kumpongeza, wakasema wagonjwa wa kwanza wameshawekewa, akawashukuru, na alimaanisha. Kila mahali programu hiyo inapotumika sasa, mtu akigusa picha huulizwa kwanza kama ana hakika. Kwenye simu ya Mama hakuliweka toleo hilo. Aliacha lile la zamani, lisilouliza kitu.