Injini Isiyoongezwa Kitu

Mashindano ya pikipiki ya Kabungu yana sharti moja linalowatoa mafundi jasho: injini ibaki na vipuri vyake vya kiwandani. Wengi likiwafikia hukata tamaa. Didace alilipenda. Nguvu imo humo humo ndani, alikuwa akisema. Kiwanda huiacha kwa haraka zake, na fundi mwenye subira huiokota.

Ndivyo alivyofanya mwaka huu, kibandani kwake Kashaulili. Alisaga valvu mpaka zikakaa bila kuvujisha hata pumzi. Alilainisha njia ya hewa kwa msasa. Alizunguka madukani akipekua gasketi za kiwandani moja moja, akachagua nyembamba kuliko zote, ili pistoni ipande karibu kabisa na valvu na ibane sawasawa. Ilipanda karibu mno. Kosa dogo tu na vingegongana.

Hakuongeza kitu. Wala hakumwambia mtu kwamba daktari alishamweleza macho yake yanazimika, na yaliyokwisha kupotea hayarudi. Hiyo ndiyo ilikuwa injini yake ya mwisho, na katika maisha yake yote hakuwahi kushinda. Alitaka kushinda mara moja tu.

Asubuhi kwenye mchujo, Aristide, mtoto wa dada yake aliyekuwa akiiendesha, aliwaacha wenzake mbali mpaka watu wakaanza kunong'ona. Nassib, fundi wa kundi lililoshika nafasi ya pili, akawaendea waamuzi.

"Ile si ya kiwandani," alisema. "Ifunguliwe."

Ikafunguliwa juu ya turubai, kila mtu akitazama. Wakapima, wakageuza, wakapima tena.

"Kila kitu halali," mwamuzi akatangaza. "Mzee, kazi yako safi. Funga, fainali inakusubiri."

Watu wakapiga makofi, na Nassib mwenyewe akaja kumpa mkono. Gasketi ya akiba ilikuwepo, nyembamba vile vile, na muda ulitosha. Zilibaki nukta mbili za kulinganisha kabla ya kufunga cheni ya ndani, ile inayoamua valvu zifunguke lini. Nukta zenyewe ni ndogo kama punje za ulezi. Didace akainama, akakodoa. Aliona ukungu mtupu.

"Marume," Aristide alisema. Ndivyo anavyomwita mjomba wake, kwa Kirundi cha nyumbani. "Nikuangalizie?"

"Nilianza kufungua injini wewe hujazaliwa. Kaa huko."

Kiburi tu. Mtu mzima na akili zake, akaona heri abahatishe kuliko kuomba. Akapapasa meno ya gurudumu la cheni kwa ukucha, akahesabu, akafunga.

Aristide akapiga kiki. Kitu kikagonga ndani, mlio mkavu, na kiki ikawa nyepesi. Valvu zilikuwa zimepinda.

Kijana akafungua kifuniko, akaona nukta zilivyopishana, kisha akamtazama mjomba wake usoni.

"Huoni," alisema.

"Tangu masika."

"Mbona hukusema, Marume? Mimi si naona?"

Didace alitamani ardhi immeze pale pale kwenye turubai. Barabarani bendera ikashuka na pikipiki za fainali zikaondoka pamoja kwa kishindo. Alizisikiliza zote, moja baada ya nyingine, mpaka zilipopotea upande wa mashambani, na akajua kuwa hakuna hata moja ambayo ingemshinda.