Kioo cha Chini

Duara la Nkwabi, shimo lake la kuchimbia dhahabu, lilishuka wima, kisha likaingia ubavuni kufuata mwamba wenye dhahabu. Huko ubavuni jua halikufika. Mwaka 1983 betri za tochi hazikuonekana madukani Geita wala Ushirombo, kwa hiyo Nkwabi alitumia vioo viwili. Kikubwa, kilichotoka kwenye mlango wa kabati, alikishika mkewe Melania, aliyekaa ukingoni akikigeuza kulifuata jua. Mwanga uliteremka mpaka chini. Hapo Nkwabi aliupokea kwa kioo kidogo na kuuelekeza ubavuni. Kila asubuhi, kabla ya kushika sururu, aliupitisha polepole kwenye dari akitafuta ufa. Mwamba wa pale, kabla ya kuanguka, ulitangulia kupasuka kwa mstari mwembamba kama uzi. Uzi huo ulikwisha kumwokoa.

Vioo hivyo, hata kile cha kabati, vilitoka kwa Gulamali, mwenye duka wa Kahama aliyekata vioo kwa mikono yake. Valerian, mwenzake Nkwabi katika duara, aliwahi kumsikia mzee huyo akisimulia kwamba babu yake alitengeneza vioo kwa kupaka zebaki mgongoni. Habari hiyo ilikuwa kweli, ila ilihusu vioo vya babu. Vya Gulamali vilipakwa fedha, kisha rangi.

Zebaki ya kunasia dhahabu ilipowaishia, unga wa mwamba waliousaga ukawa unapotea na maji. Valerian akaikumbuka habari ile.

"Zebaki tunayo. Imelala mgongoni mwa kioo."

"Shemeji, umejitazama mno," Melania akasema.

"Kamuulize Gulamali."

"Gulamali yuko Kahama, amekaa kwenye kiti. Baba Esta huyu ndiye anayeingia shimoni. Ataona kwa kitu gani?"

"Kwa mfuniko wa debe," Nkwabi akajibu. "Nitausugua kwa mchanga mpaka ung'ae. Tutakwangua kidogo tu, hiki kikubwa kibaki. Tukipata, Mama Esta, nakununulia kabati zima."

"La kuweka nini?"

"La kukuweka wewe, nipumzike na kelele."

Melania alicheka. Baadaye hakutaka kukumbuka kwamba alicheka.

Wakakwangua kile kidogo. Ilitoka rangi ya kahawia, kisha vipande vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki furu. Valerian alivikoroga na unga kwenye karai, akakamua kwa kitambaa. Zebaki hujikusanya kuwa tone; vipande vile viliganda tu kwenye kitambaa. Wakaongeza vingine, mpaka vidole vyao vikaonekana upande wa pili wa kioo.

"Sasa tuna dirisha," Nkwabi akasema.

Kesho yake alishuka na mfuniko wa debe. Ulirudisha mwanga, lakini mwanga uliotawanyika, usio na ukali. Uliweza kumwonyesha mkono wake na sururu. Uzi usingeonekana. Hata hivyo aliupitisha kwenye dari kama kawaida yake, akapaza sauti:

"Safi!"

Melania akakisogeza kioo kikubwa kulifuata jua. Kishindo alichosikia hakikuwa kikubwa. Mwanga aliokuwa akiuteremsha ulijaa vumbi, ukaonekana kama nguzo iliyosimama ndani ya duara.

"Baba Esta!"

Valerian alishuka kwa kamba. Mlango wa ubavuni ulikuwa umezibwa.

"Shemeji, usitikise kioo! Nipe mwanga!"

Wachimbaji wa maduara ya jirani walikuja na majembe na makarai. Kila aliyeshuka aliomba mwanga, na Melania akautoa. Wanawake waliofika waliweka mikono kichwani wakalia. Mikono yake yeye ilikuwa na kazi.

Chini, Valerian aligonga mwamba kwa jiwe, akawanyamazisha wenzake, akagonga tena. Hakujibiwa.

Alasiri kivuli cha kilima kikamfikia Melania. Akainuka na kioo, akarudi nyuma kulitafuta jua, akalipata. Lakini kutoka hapo mwanga uliishia kwenye ukuta wa duara, katikati.

"Mwanga!" Valerian akaita.

"Hauteremki."

Alijaribu kukiinamisha, kukiinua, kusogea. Chini palikuwa giza. Wanaume wakapanda mmoja mmoja, Valerian wa mwisho, na hakuna aliyemtazama Melania usoni. Mmoja wao alimwambia akiweke kioo chini.

Melania alikilaza kifudifudi. Mgongo wa kioo ulikuwa na rangi yote, haujaguswa.