Amri Iliyotangulia Kikula

Shirika lililoleta mashine ya picha za kifua katika zahanati ya Kikula lilikuwa linafunga kazi zake Likasi, na Stéphanie ndiye aliyeachiwa shughuli ya mwisho: kuzitoa kompyuta zote katika mfumo wa shirika. Aliketi peke yake katika ofisi ya mjini, mapazia yamekwisha kung'olewa, akitumia betri ya laptop kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kila kompyuta, popote ilipo, ilikuwa na jina lake kwenye ukurasa mmoja wa intaneti. Zile za ofisi zilipaswa kufutwa kila kitu na kurudishwa Lubumbashi. Moja tu, ya zahanati, ilipaswa kuachiliwa: shirika liondoe mkono wake, picha zibaki, mashine iwe mali ya zahanati.

Alichagua majina, akabonyeza kufuta, akathibitisha. Ndipo akaona kwamba jina la Kikula lilikuwa katikati ya yale aliyoyachagua.

Alitafuta pa kuibatilisha amri, hakupaona. Mfumo uliandika kwamba amri inasubiri: kompyuta ikishaingia tu kwenye intaneti itaipokea, itazima, itaamka haina kitu. Na picha za wagonjwa wa kifua kikuu zilikuwa humo tu. Mtandao wa Kikula ulikuwa dhaifu mno kuzipeleka kwingine.

Kitu kimoja kilizikinga. Kikula nako hakukuwa na umeme.

Alimpigia Adolphe, muuguzi wa chumba cha picha. Simu haikupatikana. Alipiga tena, kisha akatia diski ya akiba ndani ya mfuko pamoja na laptop, akashuka barabarani, akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Njiani walipita kwenye kinu. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mabeseni ya mahindi wakingoja umeme, na mmoja alikuwa akiomba kwa sauti Mungu awahurumie, watoto hawajala. Stéphanie aliinamisha kichwa nyuma ya dereva akaomba kinyume chake. Aliona haya, lakini aliomba hivyo hivyo. Hawajafika kwenye reli, kinu kilinguruma nyuma yao na watu wakapiga makofi. Alimshika dereva bega, akamwambia aongeze mwendo.

Kwenye benchi la zahanati aliketi Gaston, mchimbaji wa Kambove, kitambaa mdomoni.

"Courant inarudi, mama," alimwambia. "Papa Adolphe eko ndani, anawasha mashini."

Adolphe alikuwa mbele ya kompyuta, simu yake mezani.

"Karibu, Mama Stéphanie. Forfait ya antenne, ile ya intaneti, iliisha, njo naunganisha na simu yangu. Mashini inaomba mise à jour, programu mpya."

Stéphanie aliinyakua simu, akaizima.

"Iliunganika?"

"Sasa hivi tu. Kuko nini?"

Alimweleza yote bila kulainisha neno. Adolphe alivua miwani.

"Inawezekana imeshapata hiyo amri?"

"Sijui. Kama imeipata, hata tukiizima itaendelea tutakapoiwasha. Kama haijaipata, tuko na wakati. Lakini sijui, Papa Adolphe."

Alichomeka diski. Picha zilikuwa nzito, na kila moja ilinakiliwa polepole.

"Nitajie majina. Bale beko mu dawa sasa, wanaoendelea kutibiwa, bale kwanza."

"Clotilde, wa Shituru," alisema Adolphe. "Glody. Mama Jenny na mutoto wake." Mwanzoni alitaja taratibu, kisha haraka, macho kwenye ukuta. Penye jina moja alisita. "Huyu alimaliza dawa. Mwache." Baadaye akasema tena, mwache, kwa sauti ndogo zaidi. Stéphanie hakumtazama. Alikuwa akiutazama mstari wa kijani wa kunakili kwenye kioo, akihofia kila uliposimama kwamba amri imefika.

Nje mtu alikohoa.

"Gaston," alisema Adolphe. "Sikumutaja Gaston."

Stéphanie aliandika jina, akalipata, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulisogea hadi mwisho. Kisha kioo kikawa cheusi.

Ilitokea nembo ya kampuni iliyoitengeneza kompyuta, halafu maneno ya kwamba mashine inafutwa. Stéphanie alichomoa diski, akaichomeka kwenye laptop yake, akafungua picha ya mwisho. Mbavu zilitokea, na juu kulia wingu jeupe la ugonjwa. Picha ilikuwa nzima.

Adolphe alikwenda mlangoni. "Gaston, mashini imejifuta, leo hatupigi picha. Urudi juma lijalo."

"Picha yangu ya kwanza iko?"

"Iko."

Za wengine wengi hazikuwepo. Aliyemaliza dawa, ugonjwa ukimrudia, hapatakuwa na picha ya zamani ya kulinganisha. Adolphe alijua hilo kuliko Stéphanie.

Kompyuta ikiendelea kujifuta, Stéphanie alitumia laptop kuliondoa jina la kompyuta hiyo kwenye mfumo, kisha namba yake ya kiwandani, kwani bila hivyo ingeamka ikidai nywila ya shirika lisilokuwepo tena. Akampigia mkubwa wake Lubumbashi, akasema kosa ni lake. Mkubwa aliuliza ni wagonjwa wangapi waliopoteza picha. Alijibu kwamba hajui bado.

Jioni kompyuta iliamka, ikauliza lugha, ikauliza mwenyewe ni nani. Adolphe aliandika jina la zahanati. Ilipofika nywila, Stéphanie aligeukia dirisha asiione.

"Programu ya picha, nani ataiweka?" aliuliza Adolphe.

"Minye najua kuiweka. Lakini contrat yangu ya kazi inaisha leo."

"Sikuuliza contrat."

"Nitakuja kesho," alisema Stéphanie.