Kiraka Katika Jamvi la Usumba

Siku timu ya kriketi ya jimbo letu ilipoingia fainali, mume wangu alikuwa amekaa chini ya feni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, na mimi nilikuwa nachambua kunde. Kwenye runinga mpigaji wa mwisho wa wapinzani aliupiga mpira kwa nguvu zote, ukagonga kofia ya chuma ya kijana wetu aliyechuchumaa karibu, ukaruka juu kama bisi, ukadakwa na mwingine. Tukawapita kwa mbio mbili. Mbio mbili, baada ya siku tano za kucheza. Damodaran akasimama humo humo ndani ya beseni.

"Kofia," akasema. "Tumeingia fainali kwa kofia."

"Bahati nayo huchezea timu," nikamwambia.

"Enzi zetu hatukuwa na kofia wala bahati. Tulikuwa na vidole."

Akavinyoosha vidole vyake vya kuzungushia mpira, vimepinda sasa kama mizizi ya tangawizi. Mimi nikainamia kunde. Kwa miaka sitini na moja, kila akivitaja vidole vile, mimi hutafuta kitu cha kuinamia.

Timu ile ilianza kinyonge. Jimbo lenyewe lilikuwa limetoka kuunganishwa, na wachezaji walikuwa walimu, makarani wa benki na mmoja aliyeuza dawa za kikohozi. Walisafiri kwa treni daraja la tatu, mfuko wa magongo ukiwa ndio mto wa kulalia. Timu za majimbo makubwa zilipenda kuja kwetu. Walitufunga siku mbili, ya tatu wakapanda mashua kwenye mifereji na kununua korosho za kupeleka nyumbani. Baba yangu alisema sisi si timu, sisi ni likizo.

Lakini jamvi lilikuwa letu. Siku hizo hatukuchezea kwenye nyasi. Katikati ya uwanja lilitandikwa jamvi refu la usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, likavutwa na kukazwa kwa vigingi vya chuma, na mpira ukadundia hapo. Jioni linakunjwa, asubuhi linatandikwa upya. Majamvi yale yalifumwa hapa Alappuzha, katika karakana ambayo baba alikuwa msimamizi wake. Mimi nilisokota kamba huko tangu nilipomaliza darasa la nne.

Mwezi wa Januari, mwaka 1964, walikuja jirani zetu wa ng'ambo ya milima. Mpigaji wao mkubwa alikuwa Seshadri, kijana mrefu, nywele zimepakwa mafuta zikalala kama za bwana harusi. Siku mbili za kwanza, kwa mshangao wa wote, tulikuwa tunakaribiana nao. Jioni ya pili jamvi lilipokuwa linakunjwa, lilinasa kwenye msumari wa mkokoteni, likachanika pana kama sahani ya chai. Asubuhi baba akaniita.

"Pankajam, wewe una mkono mwepesi. Mchezo unaanza saa nne. Shona."

Nikanyakua kamba za kapu la karibu, nikapiga magoti uwanjani, nikashona. Nilikuwa nakata uzi wa mwisho nilipozinusa zile kamba. Wanawake wa usumba tunaujua usumba kwa pua. Makumbi hukaa kwenye tope miezi kumi ndipo yaive, yapondwe, yatoe nyuzi laini. Haya yalitolewa topeni baada ya miezi sita tu. Usumba mbichi ni mgumu, una kiburi, ukiukanyaga unakusukuma. Nilitaka kumwambia baba, lakini wachezaji walikuwa wameshaingia uwanjani. Nikanyamaza, nikaenda kukaa na wanawake chini ya turubai, upande wa mfereji.

Baada ya chakula cha mchana, Damodaran alipewa mpira. Alikuwa mwembamba, suruali imefungwa kwa tai. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kwa macho tu, kwa sababu baba alimwita yule mrusha mawe. Mpira wake ulidunda pale pale, hatua chache mbele ya mpigaji, umbali ule ule kilipokuwa kiraka changu. Wa kwanza akatoka. Wa pili akatoka. Seshadri alinyanyua gongo auache mpira upite, ukaingia ndani kama nyoka aingiavyo shimoni, ukaangusha kijiti nyuma yake, naye akawa ametolewa. Alisimama akilitazama jamvi mpaka mwamuzi akamwomba aondoke. Damodaran alitoa watu saba alasiri ile. Tulishinda. Watu walimbeba mabegani, na baba akanunua shada la maua kwa mkono wake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye nikaolewa.

Sasa mnaelewa kwa nini nilikuwa nainama. Nilijiona nimeolewa kwa sababu ya kapu la usumba mbichi.

Ningekufa nalo. Lakini baada ya fainali, ambako hata hivyo kombe tulilikosa, klabu ya hapa mjini iliamua kuwatunza wachezaji wa zamani kwa shali zenye nyuzi za dhahabu. Mjukuu wetu Ambili, ambaye ni mwalimu, akapewa kazi ya kuandika kijitabu cha historia ya timu. Akaja na kalamu.

"Bibi, babu amenieleza vidole. Wewe nieleze majamvi. Na Mzee Seshadri amekubali kuja, amesema mpira ule hajausahau."

Maneno ya mdomo hupeperuka. Ya kitabuni watoto wa shule watayasoma. Nikamwambia Ambili arudi kesho. Nikaona afadhali Damodaran ayasikie kwangu jikoni kuliko kuyasoma, nikamweleza yote, kapu, harufu, miezi sita.

Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Kwenye umbali gani?" Nikamwonyesha. Akasema, "Kumbe." Akaenda kukaa barazani.

Siku tatu aliniita "wewe". Alitoa ukurasa wa gazeti la ushindi ule uliokuwa kwenye fremu ukutani, akaukunja kwa utaratibu mara nne, akauweka kwenye kabati la dawa. Ambili alipomuuliza ni shati gani atavaa kwenye sherehe, akasema, "Mpeni shali bibi yako."

Siku ya sherehe, saa sita mchana, Seshadri alishuka kwenye teksi mbele ya mlango wetu na fimbo na kifaa cha masikio, na nywele zikiwa bado na mafuta, zile tatu zilizobaki. Mgeni hafukuzwi. Nikatandika majani ya migomba, nikapakua wali, mchuzi wa dengu, papadi, achari ya ndimu na ya embe. Damodaran akaketi kama anayesubiri kung'olewa jino.

"Damodara, umezeeka," akasema Seshadri.

"Wewe ulizaliwa mzee. Ulikuwa unapiga gongo kama mtu anafukuza kuku."

"Kuku niliwafukuza nchi nzima. Ni hapa kwenu tu palipokuwa na uchawi. Miaka yote hii nawaambia watu: jamvi lile lilikuwa na jini."

Damodaran akalisukuma jani lake. "Jini ndiye huyu anayekupakulia wali. Alishona kiraka kwa usumba mbichi. Yeye ndiye aliyekutoa, si mimi. Ule, kisha umpongeze mke wangu."

 Nikaendelea kupakua mchuzi.

Seshadri akageuza kifaa chake cha sikio. "Shemeji, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema, nikamgeukia mume wangu, nikamwita kwa jina la binti yetu. "Kiraka hukukiona, Baba Latha?"

"Nilikiona, nani asiyekiona?" akasema Damodaran. "Jamvi letu lote lilikuwa viraka. Sikujua kimoja kina ubichi."

"Nilijua!" akasema Seshadri. "Nilijua si mpira wa binadamu." Akafurahi sana, akajimiminia mchuzi. "Tuseme hili jani ndilo jamvi. Mimi nasimama hapa kwenye chumvi. Wewe Damodara unatokea kule kwenye papadi. Mpira ulidunda," akachota achari ya ndimu kwa kidole, akaiweka, "hapa. Upande wa barabara, si wa mfereji. Ulikuwa unakwenda nje kabisa, ndiyo nikauacha, ukarudi ndani."

"Hapo," akasema Damodaran kwa shingo upande. "Hapo hapo. Nililenga hapo."

Nikalitazama jani. Nikaweka kijiko chini.

"Upande wa barabara?" nikauliza.

"Shemeji, mpira ulionitoa nitaukosea?"

"Lakini kiraka hakikuwa huko. Nilihesabu kamba tisa kutoka ukingo wa jamvi wa upande wa mfereji wakati nashona." Nikachukua kipande cha achari ya embe, nikakiweka upande wa pili wa jani, mbali na ndimu kwa upana wa kiganja. "Kilikuwa hapa."

Wakatazama embe, wakatazama ndimu. Kwenye jani ni kiganja; jamvini pale ni hatua nzima. Mimi nilikuwa nimeketi ubavuni mwa uwanja, na mtu wa ubavuni huona mpira umekwenda mbali kiasi gani; haoni umeangukia kulia au kushoto. Umbali ulikuwa mmoja. Nikaujazia mengine mwenyewe, nikayabeba toka usichana.

Damodaran akasogeza kiti. Akaanza kuweka punje za wali kwenye jani, moja moja, akiwataja kwa majina wale saba aliowatoa. Wa kwanza, barabara. Wa pili, kwenye embe. Wa tatu Seshadri, ndimu. Wa nne, barabara tena. Alikuwa anawakumbuka wote. Punje mbili ziliangukia kwenye embe, tano hazikuangukia.

"Wawili ni wako, Pankajam," akasema.

Lilikuwa jina langu, baada ya siku tatu.

"Haiwezekani," akasema Seshadri. "Mimi ni wa jamvi. Nihamishe. Miaka sitini nimesema ni jamvi, hata kwenye harusi ya mwanangu nilisema."

"Huhamishiki. Wewe ulitolewa na vidole."

"Shemeji, mwambie."

"Kamba tisa, shemeji," nikasema. "Siwezi kukuongopea ukila wali wangu."

Akalitazama lile jani muda mrefu, kama alivyolitazama jamvi siku ile. Kisha akala ndimu.

Nilipoleta payasam, uji mtamu wa maziwa, Damodaran alikunywa bakuli mbili, akafuta midomo, akaniuliza kama shati jeupe lina vifungo vyote. Halikuwa na vyote. Nikaenda kutafuta sindano.