Nyasi za Kinyozi Zinaugua

Kinyozi alikuwa na miaka hamsini na minne na kichwa kisicho na unywele, laini kama yai, na kwa kazi yake hiyo ya kunyoa wenzake, mizaha alikwisha kuizoea. Mzaha mmoja tu ulimkera. Mbele ya nyumba yake palikuwa na uwanja wa udongo mtupu, ulioteremka kutoka barazani hadi getini, na kila mgeni hakukosa kusema, "Kumbe hata uwanja wako una upara!" Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye ukoo mzima ulimwita Madamu.

Mwaka ule Kinyozi akapiga moyo konde. Akaagiza nyasi zile zinazooteshwa shambani, zikakatwa pamoja na udongo wake, zikaviringishwa kama mikeka. Mtunza bustani alizileta asubuhi kwa gari, akazitandaza kipande baada ya kipande, na kufikia adhuhuri uwanja ulikuwa kijani mpaka macho yanapoa.

"Sikieni," mtunza bustani alisema akijifuta jasho. "Msizinyime maji. Msizikanyage. Zikitimiza wiki mbili, nyanyueni kona moja, kidogo tu. Ikigoma, mizizi imeshika."

Kinyozi aliyashika yote, ila "wiki mbili" ziliingia sikio hili zikatokea lile. Kesho yake, kabla jua halijachomoza vizuri, alikuwa amechuchumaa uwanjani. Alinyanyua kona. Ikanyanyuka. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya saba. Zote zilinyanyuka bila ubishi, kama kurasa za daftari. Tangu siku hiyo hakwenda kazini bila kuzipitia kona zote, mithili ya mpishi anayefunua chungu kila dakika kisha akalaumu moto.

Siku ya kumi, nyasi zikaanza kuugua. Madoa ya manjano, ya mviringo, yalizuka katikati. Kingo zilijikunja. Ukikanyaga pembeni, udongo ulilia *chwa, chwa*. Karibu na getini uyoga mweupe ulichipuka, ukasimama wima bila aibu.

Wenye nyumba walikusanyika barazani kama madaktari kwenye kitanda cha mgonjwa: Kinyozi, mkewe mshonaji, na mama mkwe wake, mkunga mstaafu aliyekuwa akiishi nao.

"Mapunye," Kinyozi alisema. "Miaka thelathini nayaona vichwani mwa watu. Duara, manjano, ukingo umepauka. Mapunye matupu."

"Mapunye gani, baba watoto?" mkewe alimjibu. "Hujaona mishono ilivyoachia? Kipande na kipande havishikani. Nguo ikikaa hivyo, mteja anarudisha."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. "Wanangu, huyu ni mtoto mchanga. Mchanga hana ugonjwa, ana kiu tu. Na huo," akanyoosha kidole kwenye uyoga, "ni dalili ya afya."

Kwa kuwa hakuna aliyemshawishi mwenzake, kila mtu alitibu kivyake. Kinyozi alileta dawa ya mapunye kutoka kibandani kwake, akayapaka madoa yote kwa brashi ya kunyolea. Mkewe akachukua uzi wa nailoni na sindano kubwa ya kushonea magunia, akaketi kwenye kigoda, akaunganisha vipande vyote kwa mshono wa mara mbili. Siku mbili nzima alishona. Alipomaliza, uwanja mzima ulikuwa nguo moja, tena yenye pindo.

Jumamosi Madamu akaja. Hakupiga simu, Madamu hakuwahi kupiga simu. Alipanda njia ya mawe hadi barazani na mkoba wake mkononi, akageuka kuutazama uwanja, akakunja uso.

"Kaka, hizi nyasi mbona zina mba?"

"Ni dawa, dada. Karibu ndani, tafadhali."

"Ndani nitaingia. Kwanza nizione kwa karibu."

"Dada, usizikanyage!"

Kumkataza Madamu ni kumwonyesha njia. Alishuka ngazi na viatu vyake vizito, akaweka mguu wa kwanza, akaweka wa pili. Uwanja ukaanza kuondoka.

Uliondoka polepole, wote kwa pamoja, kwa sababu ulikuwa umeshonwa vizuri. Chini yake matope yalikuwa laini kama uji, na mteremko ukafanya kazi yake. Madamu aliteremka akiwa wima, mkoba kifuani, kama mtu aliyesimama kwenye jahazi lisilo na nahodha.

"Kaka!" aliita alipopita dirishani. "Kaka!" aliita alipopita kwenye bomba. "Ka-ka!"

"Pumua, mwanangu!" mama mkwe alipaza sauti kutoka barazani, kazi ya zamani ikimrudia. "Pumua! Usisukume!"

Geti lilimpokea. Nyasi zilijikunja nyuma yake kama blanketi, zikamfunika mpaka kiunoni, na uyoga mmoja ukakaa begani. Kinyozi alikimbia kwenda kumwokoa, akateleza, akafika kabla hajakusudia. Walitazamana wakiwa wameketi kwenye matope. Kinyozi alisubiri radi. Badala yake midomo ya dada yake ilitetemeka, mabega yakaanza kucheza, na Madamu, ambaye shule nzima ilikuwa haijawahi kuyaona meno yake, akacheka hadi akashika mbavu.

Mtunza bustani aliitwa, akafika na mabuti yake. Alichukua pindo la nyasi, akalikamua. Maji yakatiririka.

"Nani anamwagilia hapa?"

"Mimi," walijibu watatu kwa pamoja, kisha wakageukiana.

Kinyozi alimwagilia asubuhi, nusu saa, kabla ya kwenda kazini. Mama mkwe alimwagilia mchana, saa nzima, wenzake wakiwa hawapo. Mkewe alimwagilia jioni, akitoka kushona. Kila mmoja alidhani wenzake wamesahau, na kwa staha hakutaka kuwaaibisha.

"Mmezizamisha," mtunza bustani alisema. "Hayo madoa ni ya maji. Ila hata maji hayang'oi mizizi yote namna hii. Nani amekuwa akinyanyua kona?"

Kinyozi alilitazama paa kana kwamba limeanza kuvuja.

"Usijisumbue kuuliza," alisema Madamu, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. "Huyu tangu mdogo. Darasani kwao walipopanda maharage ya somo, yeye aliyafukua kila siku kuona kama yameota. Darasa zima walivuna, yeye akabaki na shimo."

"Nilikuwa na wasiwasi nayo tu, dada," Kinyozi alisema kwa unyonge.

"Najua, kaka. Maharage hayakujua."

Wakaanza upya. Walifumua uzi wote, kazi iliyomtoa mshonaji machozi kuliko kushona kwenyewe. Wakaacha udongo ukauke siku tatu, wakaulainisha kwa reki, vipande vilivyooza wakavitupa. Vilivyobaki mtunza bustani alivipanga vikikatiza mteremko, viungo vikipishana kama matofali, akavikandamiza kwa pipa zito la kuviringisha.

Kuhusu maji, Madamu alijiteua. Alipeleka mtu akamletee nguo zake, akahamia chumba cha wageni, akabandika ratiba mlangoni na kufunga mpira wa maji kwa kufuli. Kila asubuhi alipima unyevu kwa kuchomeka kijiti, na mara nyingine alikitazama akasema, "Leo hapana." Kinyozi akionekana amechuchumaa mahali, filimbi ililia barazani.

Siku ya kumi na nne aliruhusiwa. Kinyozi alishika kona moja kwa vidole viwili, akavuta. Ikagoma. Akavuta tena kidogo, ikazidi kugoma, na machozi yakamlenga.

"Imeshika," alisema. "Jamani, imeshika!"

Mkewe alipiga vigelegele. Mama mkwe aliuliza saa, kwa mazoea ya ukunga, ili aikumbuke.

Madamu hakuondoka siku ile. Chakula kilikuwa kizuri, baraza lilikuwa na upepo, na yeye na mama mkwe walikuwa na mengi ya kusimuliana. Alisema kuna kipande kimoja bado hakijamridhisha, atakingoja wiki moja zaidi. Hakuna aliyemuuliza ni kipi.