Kitabu cha Karani wa Pamba

Mkutubi hakuwahi kukosa jibu. Mtu akija anataka kuelewa nchi ilikotoka, na kwa nini umaskini umeifanya makao, alimpeleka moja kwa moja rafu ya pili: vitabu vinene, majalada magumu, vyote vimeandikwa na wageni waliopita njia.

Siku moja binti wa chuo kikuu akamwambia, "Hivyo nimevimaliza, mama. Profesa wangu kasema nianze na kile cha karani wa kiwanda cha pamba. Kiko hapa tu, hakuna kwingine."

Mkutubi akageuza uso kuelekea mlango wa stoo.

Alikikumbuka vizuri. Miaka kumi na mmoja nyuma mzee mmoja mstaafu alimletea kurasa mia mbili zilizopigwa taipu, zimefungwa kwa uzi wa katani. Alizipokea kwa tabasamu, akazitia stoo. "Hakina hata jalada," alimwambia msaidizi wake, wakacheka. Stoo iliposafishwa, makaratasi yote yalikwenda kwa muuza karanga wa getini. Wiki hiyo hiyo alinunua karanga, akafungua kifuko, akasoma: Sura ya Nne, Vibarua. Akazila karanga, karatasi akaikunjakunja.

"Kimeazimwa," alimjibu binti.

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake asubuhi binti alirudi, na safari hii alikuwa amemshika mkono mzee aliyevaa koti lililopigwa pasi mpaka viwiko vinang'aa. Binti alikuwa ameuliza mtaa kwa mtaa mpaka akampata mwandishi mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," mkutubi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kitabu changu kimeazimwa!" Uso wote ulikuwa unacheka. "Nani huyo? Nionyeshe jina lake tu. Nataka nimuulize kama sura ya vibarua imemwelea, maana ile niliiandika mara nne."

Mkutubi alilifungua daftari la waazimaji, akalifunga. Angeweza kutaja jina lolote. Lakini mzee alikuwa ameshavaa miwani, anasubiri kusoma.

"Mzee wangu, hakijaazimwa. Hakijawahi. Nilikitupa stoo, kisha nikakitoa kikafungiwe karanga. Na mimi mwenyewe nimezila."

Mzee alivua miwani, akaikunja taratibu.

"Zilikuwa na chumvi?"

Hakuna aliyecheka. Mkutubi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Babu, huna nakala nyingine?" binti aliuliza.

"Ilikuwa hiyo hiyo. Nilidhani hapa ni salama kuliko chini ya kitanda changu."

Binti akamvutia kiti, akatoa daftari lake. "Basi nisimulie, nitaandika."

Mzee akaanza: ving'ora vya alfajiri, wakulima walioamriwa kung'oa mihogo wapande pamba, marobota yaliyoondoka kila Ijumaa na hayakurudi hata kama shati. Mkutubi alisikiliza amesimama, hakuthubutu kukaa nao.

Walipofika kwenye mwaka wa njaa, mzee akasita.

"Vibarua waliofia kwenye mtaro wa kiwanda walikuwa..." Akahesabu vidole, akaanza upya, akakwama tena. "Majina yao niliyaandika yote."

Akamgeukia mkutubi, bila hasira, kama mtu anayeomba akumbushwe.

Mkutubi akainamisha kichwa.